Mtunzi wa Mapenzi: Kipi Bidhaa, Kipi Amana?

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi kitabu cha hadithi ya mapenzi huingia kwa mlango wa uani. Binti hukisoma akakificha chini ya mto. Mama hukikuta, akakitwaa kwa hasira, na usiku naye akakisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Baba akiuliza, huambiwa hicho ni kitabu cha shule. Ikiwa hali ya msomaji ni hiyo, hali ya huyo anayekiandika itakuwaje?

Swali letu leo ni hili: je, kijana anayetaka kutunga hadithi za mapenzi na kuzichapisha anafanya jambo la aibu? Na kama si aibu, ni mpaka gani asiuvuke ili kitabu chake kipate kutoka?

Pengine tutaliona vizuri zaidi swali hili tukilitoa barazani petu na kulipeleka mbali kidogo. Natuchukue mfano wa msichana wa Makambako. Huo ni mji wa njia panda katika mkoa wa Njombe: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake hapo. Wengi wetu twaujua kwa kuuona dirishani mwa basi. Njombe yenyewe iko mbele yake kiasi cha kilomita 60, nchi ya baridi, ya chai, mbao na viazi. Wamo pia watu wa pwani waliokwenda huko kwa biashara wakafanya makazi, kwa hivyo binti huyu wa mfano huenda akawa mtoto wa ndugu yako.

Tuseme basi binti huyu amejaza madaftari matatu. Ametunga hadithi ya msichana auzaye chai kando ya barabara na kijana wa malori anayepita kila wiki kuelekea Songea. Hadithi imekwisha, naye anataka ichapwe. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, mbali naye, na hamjui hata mmoja.

Tusimcheke. Nyanda hizo zimekwisha kutoa watunzi. Claude Mung'ong'o, aliyeandika Mirathi ya Hatari iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, na baadaye Njozi Iliyopotea mwaka 1980, aliyatoa maisha ya vijiji vya kusini akayaweka mbele ya wasomaji wa nchi nzima. Umbali wa mji si kizuizi cha kalamu.

JE, MAPENZI NI AIBU KUANDIKWA?

Huenda mzee mmoja akasema: "Mapenzi ni jambo la faragha. Anayeyaandika anaivunja haya." Neno hili lina uzito wake wala si la kutupwa. Lakini natutazame kisa cha Nabii Yusuf, ambacho Qur'ani yenyewe imekihesabu katika simulizi zilizo bora. Ndani yake yumo mwanamke wa nyumba kubwa aliyeshikwa na matamanio, imo milango iliyofungwa, imo kanzu iliyochanwa kwa nyuma, na wamo wanawake wa mjini waliojikata mikono. Tamaa haikufichwa. Lakini pia haikugeuzwa kuwa mchezo wa kutuburudisha. Tunaambiwa kinachotosha kuujua moyo wa mtu, na hapo maneno yanakoma. Basi haya haikukataza kusimulia. Haya ilifundisha namna ya kusimulia.

Watunzi wetu wa visiwani nao wamekwenda njia hiyo. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu (1972), alionyesha jinsi penzi la msichana Bahati linavyogeuzwa chombo cha kujipatia mali. Shafi Adam Shafi, katika Vuta n'kuvute (1999), alimwandika Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa, akaikimbia ndoa ile, moyo wake ukaangukia kwingine. Hizo ni hadithi za mapenzi. Hata hivyo, mzazi akizisoma kwa makini hutoka na maswali juu ya nafsi yake: nilimuuliza binti yangu kabla ya kumwoza? Nilitazama mali au mtu?

Kwa hivyo mapenzi si aibu kuandikwa. Jambo la kuchunguza ni lile linalotokea baina ya daftari na kitabu, maana huko njiani ndiko mtunzi anakojaribiwa.

LUMBESA

Wakulima wa viazi wa Njombe wanalijua neno lumbesa. Mnunuzi hufika na gunia, likajazwa mpaka mdomoni. Kisha hudai liongezwe kilemba juu, viazi vikarundikwa na kushonewa kamba mpaka gunia likatuna, na bei ikabaki ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku, lakini malalamiko hayajakoma. Mkulima hukubali kwa sababu viazi vitaoza na lori litaondoka.

Mtunzi naye hukutana na lumbesa yake, tena katika milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa mtaani. Zamani ulikuwa wa vijitabu na magazeti ya hadithi. Leo ni wa simu: hadithi huletwa sehemu kwa sehemu, na msomaji hutuma fedha kidogo ili apate inayofuata. Mlango huu hauulizi umetoka wapi wala umesoma hadi darasa gani, na hiyo ni fadhila yake. Lakini mara nyingi mwenye mlango huagiza: "Hadithi yako nzuri, ila imepoa. Ongeza mambo ya chumbani." Hadithi ilikuwa imejaa kipimo chake, sasa yatakiwa kilemba. Yule msichana wa chai, aliyekuwa mtu mwenye mama, madeni na matumaini, sasa abakie kiwiliwili tu.

Mlango wa pili ni wa shule na tuzo, nao una heshima yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na mshindi huchapishiwa kitabu chake. Kabla ya hapo palianzishwa mwaka 2014 tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati na Cornell, ambayo leo huitwa ya Safal. Ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 2015, riwaya iliyoshinda ilikuwa Penzi la Damu ya Anna Samwel. Kwa hivyo neno penzi peke yake halimfungii mtu mlango.

Lakini huku nako ipo lumbesa, tena ya aina ya kanzu nyeupe. Mtunzi husikia kwamba, ili kitabu kifae kwa vijana, kila msichana apendaye lazima aharibikiwe, na kila ukurasa wa tatu mzee asimame atoe mawaidha. Hapo mtunzi husema uongo wa namna nyingine. Sote tunawajua watu waliopendana kwa heshima, wakaoana, wakazeeka pamoja. Tunawajua pia waliotii kila neno la wazee na wasipate raha ya ndoa. Kumwambia kijana kwamba kupenda ni sawa na kupotea ni kumdanganya, naye akishagundua hilo hatatuamini tena hata tukisema kweli.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi inatupa funzo hapa. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ya mwili. Baadaye kitabu hichohicho kikafundishwa katika shule za sekondari. Maneno ya kitabu hayakugeuka. Waliogeuka ni watazamaji. Basi kukataliwa si ushahidi kwamba mtu ameandika uovu, na kuchapishwa si cheti cha uadilifu. Mtunzi anayesubiri mwenye mlango amwambie lililo jema hana mizani yake mwenyewe.

KIPI KIUZWE, KIPI KISIUZWE

Mfanyabiashara mwema ana vitu vya namna mbili dukani mwake. Kuna bidhaa, ambayo aweza kuiuza, kuipunguza bei au kuibadilisha. Na kuna amana, aliyowekewa na watu, ambayo haiuzi hata akilala na njaa. Mtunzi naye atenganishe hivyo.

Bidhaa ni nyingi kuliko vijana wanavyodhani. Jina la kitabu ni bidhaa. Urefu ni bidhaa: mhariri akikata kurasa 40 za maelezo ya mvua na ukungu wa Njombe, huenda amemfanyia ihsani. Mpangilio wa sura, picha ya jalada, tahajia, hata mhusika wa pembeni asiye na kazi, vyote hivyo ni bidhaa. Kijana anayelia kwa kila neno lililofutwa hatetei haki, anatetea kiburi. Mkataba nao ausome, ajue haki yake ya kunakili na fungu lake la mauzo, asitie saini kwa furaha ya kuona jina lake.

Amana ni tatu.

Ya kwanza ni kweli ya moyo. Asiandike kwamba moyo wa binadamu ni hivi, hali anajua si hivyo, ati kwa kuwa ndivyo vinavyonunuliwa.

Ya pili ni siri za watu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtunzi wa mapenzi huanza na aliyoyaona karibu: ndoa ya shangazi, barua ya jirani, machozi ya rafiki. Makambako si mji mkubwa. Akibadilisha jina tu, akaacha duka lile, mtaa ule na ile aibu yenyewe, watu watamtambua mwenyewe kabla ya sura ya pili, na yule aliyefunuliwa hana kitabu cha kujitetea. Sitara ya mtu haifutwi kwa sababu hadithi imependeza. Atunge, maana ndiyo kazi yake. Akishindwa kumbadili mtu mpaka asitambulike, basi amwombe ruhusa, au aache.

Ya tatu ni heshima ya msomaji. Ajiulize: binti wa miaka 16 atakapokifunga kitabu changu, atawatazamaje watu? Atamwona mwanamume kuwa mnyama, au mwanamke kuwa kitu cha kuchezewa? Au atamwona kila mmoja kuwa ni mtu, awezaye kuumia?

Hapa mtu atauliza, na ana haki: "Je, huyo binti akiwa na njaa? Mama yake mgonjwa, na mwenye simu yuko tayari kulipa leo?" Hili ni zito, wala si adabu kwa mtu aliyeshiba kulijibu upesi. Mimi nasema hivi: dhambi ya lumbesa kwanza ni ya yule anayeidai. Anayeikubali kwa dhiki ana udhuru, lakini ajue kwamba kilemba alichoongeza leo kesho kitahesabiwa kuwa ndicho kipimo. Mlipaji hatamrudisha kwenye gunia la haki. Na wapo wanaojikimu kwa kazi nyingine, wakaiacha kalamu isubiri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kweli kizuri hukawia sokoni, lakini hakilazimiki kumdhalilisha mwenye kukiuza. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima ikatolewa kitabu mwaka 1968. Mwenyewe hakukiona kikiwa mikononi mwa watu, nacho kingali kinasomwa.

NA SISI WENYE NYUMBA

Tumemsema mtunzi na mchapishaji, tusijisahau wenyewe. Katika Rosa Mistika, baba wa Rosa ni mkali wa kupindukia, naye humpiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali ule haukumlinda. Ulimfunza kuogopa, na alipotoka mbele ya macho ya baba, hofu ikabaki nyumbani, yeye akaenda bila kinga.

Mzazi anayechana madaftari ya bintiye anadhani ameuzuia mlango mbaya. Kwa hakika amefunga ule wa ukumbini, na uliobaki wazi ni wa uchochoroni, kwa sababu ndio pekee usiouliza habari za nyumbani. Huko hana wa kumwambia, "Hapa umemvunjia mtu sitara," wala "Hapa umesema uongo." Yuko peke yake na mwenye lumbesa.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukikuta daftari chini ya mto, usilichane. Mwite mwenyewe, umwambie akusomee. Utasikia mambo yatakayokukera, na huenda ukasikia jambo moja juu ya nyumba yako ambalo hakuna aliyethubutu kukwambia. Mkosoe kwa adabu kama unavyomkosoa mwanao apikaye wali wa kwanza. Muulize ni nani aliyemfikiria alipoandika ukurasa huu, na kama mtu huyo ataweza kupita sokoni kesho. Akijibu vyema, msaidie nauli ya kuupeleka mswada wake, awe yuko Makambako au Mtambwe.