Alama ya Mshangao na Michango ya Akina Mama

Mtu aliyezoea kuandika ndani ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, hujenga imani moja mapema sana: akikosea, atabonyeza `u` na kosa litafutika. Umefuta aya nzima? `u`. Umebandika orodha mahali pasipo pake? `u`. Imani hiyo ina msingi, lakini inafika mwisho pale anapoandika nukta mbili na alama ya mshangao. Kuanzia hapo anaiamuru kompyuta yenyewe, na `u` haimfuati huko.

Mkasa ufuatao nimeubuni ili nieleweke, ila kila amri iliyomo ni ya kweli, na ukiiandika itafanya yale yale.

Kijana mmoja anaishi Huruma, Nairobi, ghorofa ya nne ya ploti moja upande wa Kiamaiko. Anawekea hesabu chama cha akina mama wanaouza mboga na omena kando ya barabara. Laptopu yake ni ya mtumba, ameitia Linux kwa sababu Windows ilikuwa inaielemea. Hesabu zote ni maandishi matupu, kila mwaka na faili yake: `michango.2022`, `michango.2023`, `michango.2024`, na ya mwaka huu ambayo ni `michango` tu. Kila mstari una jina, tarehe, kiasi, na faini kama mtu alichelewa kikao.

Jioni ya kuamkia kikao, mweka hazina anapita mlangoni.

"Mwanangu, zile hesabu ziko tayari? Kesho tunagawa."

"Ziko sawa, Mama. Niache kidogo tu nipange majina."

Na kazi anaijua. Anaandika `:%!sort`. Vim inachukua mistari yote, inaipitisha kwenye programu ya `sort`, kisha inairudisha ikiwa imejipanga kialfabeti. Hakuhitaji kutoka wala kufungua dirisha jingine. Anajaribu `u`, mpangilio wa zamani unarudi. Anabonyeza Ctrl-R, majina yanajipanga tena, naye anahifadhi. Kwangu mimi, mtego uko hapa hapa. Amri yake ya kwanza yenye alama ya mshangao ilitenduka vizuri kwa sababu matokeo yake yaliishia ndani ya ukurasa. Akadhani zote ziko hivyo.

Mchana alikuwa ametengeneza nakala mbili za tahadhari, `michango.a` na `michango.b`, na sasa anataka kuziondoa. Anakumbuka kwamba katika amri za Vim alama ya asilimia husimama badala ya jina la faili iliyo wazi. Anaandika:

`:!rm %*`

Vim inaweka `michango` penye `%`, na sheli, yaani ile programu inayopokea amri na kuzitekeleza, inapata `rm michango*`. Kwa sheli nyota ni herufi zozote, ziwe nyingi, iwe moja, au isiwepo hata moja. Nakala mbili zinafutwa. Miaka mitatu ya nyuma inafutwa nayo, kwa kuwa majina yake yanaanza vile vile. Hata `michango` yenyewe inafutwa. Amri ya `rm` haiulizi mara mbili, na haipeleki kitu kwenye jalala ambako ungekiokota baadaye. Skrini inamtaka tu abonyeze Enter.

Anabonyeza. Vim inamwonya kwamba faili haipo tena. Moyo unamruka, kidole kinakwenda kwenye `u`, na kinachorudi ni majina yasiyopangwa. Vim imetendua badiliko la mwisho la maandishi, basi. Kilichofanyika kwenye diski hakikuwahi kuingia katika kumbukumbu zake za kutendua.

Hata hapo alikuwa na la kuokoa. Maandishi anayoyaona kwenye skrini yamo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hayategemei faili iliyofutwa. Angeandika `:w`, hesabu za mwaka huu zingerudi diskini zikiwa nzima. Na faili ya akiba ambayo Vim huiweka pembeni, `.michango.swp`, ilikuwa imenusurika kwa sababu jina lake linaanza kwa nukta. Lakini hofu haingoji. Anataka kutoka akaangalie folda, Vim inakataa kwa kuwa kuna mabadiliko hayajahifadhiwa, naye analazimisha kwa `:q!`. Vim inajifunga na kuifuta ile faili ya akiba, kama inavyofanya kila inapofungwa kwa kawaida.

Kesho yake akina mama wamekaa. Pesa zilizopita M-Pesa zinaweza kufuatiliwa kwenye taarifa za simu, mstari kwa mstari, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Lakini waliolipa taslimu mezani? Na faini? Mmoja anasema Machi alilipa mara mbili, mwingine anaapa hajawahi kuchelewa hata mara moja, na mweka hazina, ambaye jina lake ndilo walilokuwa wakiliamini, hana cha kumwonyesha yeyote.

Kabla ya `:!rm %*` angeandika `:!ls %*`. Faili zote sita zingejipanga mbele yake, na angeona zile za miaka iliyopita zikiwa pamoja na anazotaka kufuta. Au angetumia `rm -i`, inayouliza faili moja moja. Nakala kwenye flashi iliyokaa kabatini ingemaliza habari yote.

Alama hii ina maana zaidi ya moja, na nafasi ndogo kati ya herufi ndiyo inayoamua. Ukiandika `:w! sh`, Vim inahifadhi maandishi yako kwa nguvu katika faili iitwayo `sh`. Ukiandika `:w !sh`, inayamimina maandishi yako yote ndani ya sheli, na kila mstari unatekelezwa kama amri. Hebu fikiria ukurasa wa maelezo ya kusafisha kompyuta, wenye mistari ya `rm` iliyowekwa kama mifano. Na kama Vim ilifunguliwa kwa `sudo`, kila unachokiamuru kupitia alama hiyo kinakwenda na mamlaka yote ya mashine.

Uwezo huu wa kuiamuru sheli ni wa zamani kuliko Vim. Ulikuwepo katika vi, aliyoianzisha Bill Joy huko Berkeley mwaka 1976, enzi ambazo mtu alikuwa na skrini moja isiyo na madirisha, na kutoka kwenye kihariri ili kutoa amri moja ilikuwa usumbufu. Vim ilitoka mwaka 1991 mikononi mwa Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lina uzito wa pekee: mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, katika miradi ya maji na usafi, na baadaye skrini ya kwanza ya Vim iliomba msaada kwa watoto wa huko. Ninamheshimu kwa hilo. Programu yake inamwamini anayeiendesha, na inatii upesi.

Juni 2019 imani hiyo ilionekana upande wake mbaya zaidi. Mtafiti Armin Razmjou alionyesha kwamba mstari wa mipangilio (modeline) uliofichwa ndani ya faili ungeweza kuifanya Vim itekeleze amri za sheli mtu akiifungua faili tu, bila kuandika lolote. Kasoro ilizibwa katika toleo 8.1.1365, na upande wa Neovim, programu iliyotokana na Vim, katika 0.3.6. Asiyehitaji mistari hiyo aandike `set nomodeline` katika mipangilio yake.

Kwa wenye saiba wanaowapa wateja Vim, upo mlango mwembamba zaidi: `vim -Z` huifungua ikiwa imezuiwa kutoa amri za sheli. Mwongozo wa Vim wenyewe unaonya kwamba mtu mjanja bado anaweza kupata upenyo. Kwa hiyo mteja apewe akaunti yake isiyo na `sudo`, na faili za mwenye saiba zikae kwenye akaunti nyingine kabisa.