Tarehe Isiyobandikwa Kwenye Mashine

Mkulima wa kahawa wa Mbinga hanunui dawa ya chulebuni, ugonjwa unaotia weusi matunda ya kahawa, bila kugeuza pakiti. Anafuta vumbi kwa kidole gumba, anasoma tarehe ya kuisha muda, ndipo anauliza bei. Mpwa wangu amekulia katika desturi hiyo. Kahawa ya mama yake ndiyo iliyomsomesha. Lakini mwishoni mwa 2021, alipokwenda Dar es Salaam na pesa za msimu kununua laptopu tatu za mtumba, alianza na bei na akaishia hapo hapo.

Alizitaka kwa ajili ya steshenari yake njia panda ya Kitai, pale barabara ya Songea kwenda Mbinga inapoachana na ile inayoshuka Lituhi, ziwani. Ni mahali pazuri kwa biashara. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita mchana kutwa, wasafiri wa ziwani wanasubiri gari, na hakosekani mwenye cheti cha kutoa kopi au fomu ya kujaza.

Mashine zenyewe zilikuwa Chromebook, nyepesi, zinakaa na chaji, kila moja shilingi 190,000. Chini zilikuwa bado na stika yenye namba ya mali ya shule fulani ya ng'ambo. Nilizishika kwa mikono yangu. Pale tulipozoea kukuta kitufe cha kufunga herufi kubwa palikuwa na alama ya lenzi, nami nikamsifu kijana kwa kupata vitu safi kwa bei ile. Sifa hiyo inaniuma hadi leo, maana ile stika ilitosha kutufanya tujiulize kwa nini shule imeziachia.

Chromebook hupokea masasisho kutoka Google kwa muda uliopangwa. Aina zilizotoka 2020 zilipangiwa miaka 8, na Septemba 2023 Google ikatangaza miaka 10 kwa zilizotoka kuanzia 2021. Za zamani zaidi zilianza na muda mfupi kuliko huo. Wengi wanaumia kwenye hesabu: miaka hiyo haianzi siku unayolipa, inaanza siku aina ile ya mashine ilipoingia sokoni. Iliyolala kwenye boksi miaka mitatu bila kuguswa imeshakula miaka mitatu ya umri wake. Na tarehe yenyewe haijabandikwa nje. Iwashe, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za mfumo, utaiona.

Juni 2022 likatokea tangazo dogo kwenye kioo: kifaa hiki hakitapokea tena masasisho. Mpwa akabofya, likafungika. Mashine zikaendelea kuwaka, kuchapa, kufungua barua pepe, naye akasahau. Dawa iliyoisha muda nayo haibadiliki rangi siku hiyo. Utajua matunda yakianza kuwa meusi mtini.

Yakawa meusi 2024, siku ya mwisho ya awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo. Binti mmoja alipanda gari kutoka ziwani tangu alfajiri, vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa kwenye benchi la steshenari. Ukurasa wa maombi ukagoma kufunguka: kivinjari ni cha zamani, kisasishe. Kusasisha hakuwezekani. Wakajaribu mashine ya pili, ya tatu, neno ni lile lile. Simu ya binti kioo kilishapasuka, nusu hakishikiki. Mpwa akamlipia bodaboda hadi Mbinga, wakakuta foleni, mtandao umelemewa, dirisha likafungwa vyeti havijapanda. Awamu ya pili alipata chuo, ila kozi aliyoitaka ilikuwa imeshajaa.

Usiku ule mpwa alinipigia. «Mjomba, nilijua. Tangazo lilikuja, nikalifunga.»

Kilichonitisha zaidi ni nywila. Miaka miwili watu walikuwa wameingiza namba zao za siri na barua pepe kwenye mashine ambazo matundu yake hayazibwi tena. Mfano upo: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kupitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilitolewa Machi. Waliochelewa kukiweka waliumia, na Uingereza hospitali zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani.

Wenye Windows wasijione wamepona. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya masasisho ya usalama kwa mtu binafsi inafika Oktoba 2026 tu. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa ofisi za ng'ambo zinazitoa kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7, na sokoni zinaonekana mali ya bure. Muuzaji atakuambia fundi atapiga Windows yoyote uitakayo. Kuipiga inapigika, je, masasisho yatakuja? Muulize hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Kama tayari unayo, usiitupe: fundi anayejua Linux anaweza kukuwekea mfumo unaosasishwa bado.

Zile tatu ziko kwa dada yangu, watoto wanajifunzia kuchapa bila intaneti. Julai iliyopita simu ikaita, mpwa yuko dukani Songea, nasikia vitufe vikibofywa.

«Shikamoo mjomba. Nimeiwasha hii, imeandikwa Juni 2031.»

«Marahaba. Bei gani?»

«Bado sijauliza.»