Je, Kupenda Mavazi Mazuri ni Dhambi?

Kila mwaka pamba ikiisha kuuzwa hapa Nyalikungu, mafundi cherehani hupata kazi nyingi, na swali la zamani huzuka tena usharikani: Je, Mkristo apendaye mavazi mazuri amepotea? Wako wasemao ndiyo, wakikumbuka onyo la Mtume Petro juu ya mapambo ya nje. Lakini Mungu mwenyewe aliwavika wazazi wetu wa kwanza (Mwa. 3:21), naye Dorkasi wa Yafa alililiwa na wajane kwa ajili ya kanzu alizowashonea. Basi neno hili lisikatwe kwa haraka. Na tutazame maisha ya mwanamke mmoja aliyeyafanya mavazi kuwa kazi yake.

Aenne Burda alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Offenburg, Ujerumani, binti wa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1949 aligundua ya kuwa mumewe, mwenye kiwanda cha kupiga chapa, ana mwanamke mwingine, tena amempa gazeti la mitindo aliendeshe. Akadai gazeti lile liwe mkononi mwake, akapewa. Toleo la kwanza la Burda Moden lilitoka Januari 1950, nakala 100,000. Ujerumani ilikuwa bado haijapona majeraha ya vita iliyokwisha mwaka 1945. Tangu mwaka 1952 alitia ndani ya gazeti karatasi zenye mistari ya kukatia nguo, hata mwanamke wa mapato madogo akaweza kujishonea vazi ambalo zamani aliliona kwa matajiri tu. Alifariki mwaka 2005.

Hatusemi kwamba alikuwa Dorkasi. Alifanya biashara, akatajirika. Tena gazeti la mitindo lina mtego wake: huifanya nguo nzima ionekane mbovu kwa kuwa mtindo umepita. Hapo tamaa huzaliwa, na deni hufuata nyuma. Lakini karatasi zile ziliwapa wengi ustadi wa mikono yao wenyewe, na hilo ni jema.

Basi yatupasa kuuliza, si bei ya vazi tu, bali linamtenda nini jirani. Kama dada yetu hubaki nyumbani siku ya Bwana kwa kuwa anaionea haya kanga yake mbele yetu, kosa si lake, ni letu tulioigeuza ibada kuwa maonyesho. Na mama ajuaye kukata nguo amwite binti asiye na fedha ya fundi, amfundishe.