Wa Mwisho Orodhani

Gisimenti, katika eneo la Remera mjini Kigali, husifika kwa mishikaki yake na gumzo la jioni kuliko kwa falsafa. Hata hivyo ni hapo, kwenye meza moja ya barazani, nilipokutana na swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nami naona vema niliweke mbele ya walimu wenzangu. Swali lenyewe ni hili: je, mtu ana haki ya kukadiria mwisho wa mwenziwe ambaye bado yu mwanzoni?

Vijana kadhaa wapenzi wa mpira wa kikapu hukutana mahali hapo kila ukaribiapo mwezi wa Juni. Ukumbi wa BK Arena, uliofunguliwa mwaka 2019, hauko mbali, na humo ndimo Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilimoanzia mwezi Mei 2021. Juni ndio mwezi ambao timu za ligi ya Marekani, NBA, huteua wachezaji wapya. Vijana hawa nao hufanya uteuzi wao wenyewe, kila mmoja akijitia kuwa mwenye timu. Kanuni yao ni moja: hairuhusiwi kumchagua yeyote anayetajwa miongoni mwa thelathini wa kwanza. "Hao hata mtoto anawajua, Mwalimu," aliniambia mmoja wao. "Jicho la mtu huonekana huku chini." Majina huandikwa katika daftari, na mwaka ufuatao daftari hufunguliwa. Aliyekosea huchekwa, naye hulipia soda za wote.

Kwa msomaji asiyeufahamu utaratibu huu, nitaueleza kwa ufupi. Asili yake ni mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo ambao, licha ya jina lake, huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Ligi yake, NFL, ilifanya uteuzi wa kwanza mwaka 1936. Timu iliyofanya vibaya hutangulia kuchagua ili wanyonge wapate nguvu, na uteuzi huenda kwa raundi: siku hizi NFL ina raundi saba, na NBA, ambayo huchanganya utaratibu huo na bahati nasibu, ina raundi mbili. Kijana hachagui timu. Timu ndiyo inayomchagua yeye, na namba aliyochaguliwa kwayo humfuata kama jina la pili.

Hebu sasa tuzitazame namba hizo. Mwaka 2000 Tom Brady alikuwa mtu wa 199 kuchaguliwa katika NFL; alistaafu akiwa ametwaa ubingwa mara saba. Mwaka 2022 Brock Purdy alikuwa wa 262, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa. Tangu mwaka 1976 wa mwisho hupewa kwa mzaha lakabu yenye maana ya Bwana Asiye na Maana. Lakini mwezi Februari 2024 bwana huyo aliiongoza timu yake ya San Francisco katika mchezo wa fainali. Katika mpira wa kikapu, Nikola Jokić aliteuliwa wa 41 mwaka 2014, kisha akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Nao vijana wa Gisimenti hawauchoki usiku wa Juni 27, 2024, pale Ulrich Chomche wa Kamerun, aliyekuwa ameichezea timu ya APR ya Kigali katika BAL mwaka huo huo, alipotajwa wa 57 kati ya 58. Yule aliyekuwa amemwandika daftarini alishangilia kana kwamba ni yeye aliyemzaa.

Upande wa pili wa shilingi tunao sisi wenyewe Waafrika Mashariki. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa pili katika NBA, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Stephen Curry, ambaye baadaye alikuja kuwa mfungaji wa mitupo mingi ya pointi tatu kuliko wote katika historia ya ligi, aliteuliwa wa saba. Thabeet alicheza katika ligi hiyo hadi mwaka 2014. Wapo waliomcheka, na wapo wanaomcheka hata leo. Lakini wanamcheka kwa kosa gani? Hakujipa namba mbili, alipewa. Kijana atokaye Dar es Salaam akafika huko angestahili sifa; lakini kwa kuwa wakubwa walikadiria zaidi ya hapo, mafanikio yake yalihesabiwa kuwa upungufu. Waliokosea hesabu ni wakadiriaji, aliyelipa deni ni mkadiriwa.

Msomaji mwangalifu atanipinga hapa, naye atakuwa na haki. Atasema kwamba kwa kila Brady mmoja wapo mamia walioteuliwa mwishoni na wasisikike tena. Kwamba walio wengi miongoni mwa waliotangulia orodhani hucheza muda mrefu kuliko waliofuatia. Na kwamba kuhesabu vighairi na kuacha kanuni ni kujidanganya. Nakubali. Methali isemayo kwamba kutangulia si kufika haisemi kwamba kuchelewa ndiko kufika. Sidai kuwa orodha ni uongo. Ninalodai ni kwamba orodha ni ubashiri, na ubashiri una adabu zake.

Adabu hizo nilifundishwa na daftari la Gisimenti. Kwanza, mbashiri huandika jina lake kando ya ubashiri wake. Pili, hurudi baada ya mwaka kuutazama. Tatu, akikosea, aibu ni yake, si ya yule aliyebashiriwa. Tena kuna jambo la nne lililo kubwa kuliko haya yote: ubashiri wa vijana wale haumdhuru mtu. Wakimpuuza mchezaji fulani barazani, yeye huko aliko hapungukiwi hata na dakika moja ya mazoezi.

Je, sisi walimu? Sisi pia tuna orodha zetu, tena zenye namba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini ubashiri wetu haukai daftarini. Hushuka darasani na kufanya kazi. Mwanafunzi tuliyemkadiria chini huulizwa maswali machache, husubiriwa kwa muda mfupi, na husahihishwa kwa haraka. Hatimaye hushindwa, nasi hutikisa kichwa na kusema, "Nilijua." Kumbe hatukujua, tulisababisha. Hii ndiyo tofauti kati ya mtazamaji na mwenye mamlaka: kosa la mtazamaji husahihishwa na wakati, bali kosa la mwenye mamlaka hujithibitisha lenyewe.

Sisemi haya nikiwa nimesimama kando. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi ambaye katika mitihani mitatu mfululizo ya Kiswahili alikuwa wa mwisho. Ngeli zilimshinda, nami nikaamua moyoni kwamba lugha si fungu lake. Sikumtukana wala kumpiga. Niliacha tu kumwita asome kwa sauti, nikidhani ninamwonea huruma. Mwishoni mwa mwaka wazazi wake walihama. Labda msomaji anangoja nimwambie kwamba leo mtoto yule ni mwandishi mashuhuri. Sijui. Sina habari zake hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Vijana wa Gisimenti wanajua yaliyompata kila waliyemwandika. Mimi, niliyelipwa mshahara ili nimjue, sikuhifadhi hata ukurasa mmoja wa kunisuta.

Basi nalijibu swali langu hivi. Kukadiria hatuwezi kukuepuka. Mwalimu asiyekadiria hawezi kupanga somo la kesho. Lakini haki ya kukadiria haiji bila wajibu wa kurudi kuyatazama makadirio na kukiri makosa, na haifiki kamwe kwenye thamani ya mtu. Namba hupima alichofanya mtoto siku ile ya mtihani. Haipimi yeye ni nani. Na mwenye mamlaka ana wajibu mmoja zaidi ambao mshabiki hana, nao ni kumpa aliye chini nafasi ya kuuvunja ubashiri wake.

Muhula huu nimeanza kuweka daftari. Ninaandika humo, kwa siri, ninachomdhania kila mwanafunzi, na kila mwisho wa mwezi nalifungua. Nimekwisha kukosea mara nyingi, na hakuna anayenicheka ila mimi mwenyewe. Aliye wa mwisho orodhani ndiye ninayemwita kwanza kusoma.