Kondoo Umemwachia Nani?

Somo: 1 Samweli 16:14–23 na 17:12–37



Kila likizo ya Desemba inapokaribia, katika nyumba nyingi za waumini wetu, za mjini Moshi na za huko juu migombani, husikika majadiliano ya namna moja. Baba asema, mtoto amerudi, sasa tumepata mkono wa kutusaidia kihambani. Mtoto mwenyewe amekwisha kupata kibarua sokoni Kiboriloni, kwa maana Krismasi yaja, ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, na biashara imechangamka. Mwalimu wa kwaya anataka mazoezi kila jioni. Mwalimu wa shule amempa kazi za likizo. Na kama ni mchezaji, analo zoezi la asubuhi, maana anatazamia kuchaguliwa kwenda UMISSETA mwakani. Mtoto ni mmoja. Wanaomwita ni watano.

Wazee wetu walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tena walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hizo ni za kweli, nami nimezitumia mara nyingi darasani. Lakini katika Maandiko Matakatifu yupo kijana aliyekuwa na njia mbili, wala hazikumshinda. Kijana huyo ni Daudi mwana wa Yese.

Twamfahamu sana Daudi kwa kombeo lake na jiwe lake. Lakini kabla ya siku ile ya Goliathi, yako maneno machache ambayo wengi huyapita upesi. Daudi alikuwa ameitwa kwa mfalme Sauli kwa ajili ya kinubi, kwa sababu alijua kupiga vizuri. Wakati huohuo alikuwa mchungaji wa kondoo za baba yake huko Bethlehemu. Sura ya 17, aya ya 15, yatueleza kwamba alikuwa akienda na kurudi: kwa Sauli, kisha kwa kondoo; kwa kondoo, kisha kwa Sauli. Kinubi hakikumfanya adharau zizi, wala zizi halikumfanya asahau kinubi.

Kisha siku moja baba yake akamtuma kuwapelekea ndugu zake bisi na mikate vitani. Hapo, katika aya ya 20, twaambiwa jambo dogo ambalo ndilo moyo wa mafundisho yangu leo. Daudi aliamka mapema, na kabla ya kuondoka aliwaacha kondoo kwa mlinzi. Hakuondoka tu. Alitafuta mtu, akamkabidhi, ndipo akashika njia.

Alipofika, kaka yake Eliabu alimkasirikia na kumhoji wale kondoo wachache amemwachia nani. Eliabu aliuliza kwa hasira na wivu, lakini swali lenyewe lilikuwa swali la haki. Na Daudi alikuwa na jibu, maana kondoo walikuwa na mlinzi. Ndugu zangu, kijana mwenye jibu la swali hilo aweza kusimama mbele ya kaka yake, na hata mbele ya Goliathi, bila dhamiri kumsuta.

Sasa niruhusuni niwaambie kosa langu, maana si vema mwalimu kuwahubiria wengine na kujiacha mwenyewe.

Miaka ya 1980, kabla sijahamia chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu kijana wa sekondari, na michezo ya shule ilikuwa chini yangu. Tulikuwa na mlinda mlango hodari, kijana wa kidato cha tatu. Likizo ile alikuwa amepata kibarua kwa bibi mmoja mjane, jirani yao, cha kuchuma na kumenya kahawa. Ninyi wakulima mwajua kwamba kahawa haina subira. Matunda mekundu yakichumwa leo, yanapaswa kumenywa leo. Yakilala kwenye gunia hupata joto, huchacha, na harufu ile haitoki tena hata ukiosha mara saba.

Siku ya Ijumaa timu yetu ikapata nafasi ya kwenda kucheza wilaya nyingine. Lori likafika mchana. Nikamtuma mtoto mbio akamwite kijana wangu: mwambie aje sasa hivi, Mwalimu amesema. Naye akaja, na mikono yake ikiwa bado na utomvu wa kahawa. Sikumwuliza ametoka wapi wala ameacha nini. Tulienda, tukacheza, tukashinda, tukarudi Jumapili tukiimba njia nzima.

Jumatatu bibi yule akaja shuleni. Hakupiga kelele. Alinieleza kwamba magunia mawili yalilala mpaka Jumapili yakisubiri mtu wa kuzungusha mashine, maana yeye mkono wake mmoja ulikuwa mgonjwa. Kahawa ile ilipofika kwa mnunuzi ikahesabiwa ya daraja la chini. Na fedha ile ndiyo iliyokuwa ya sare za wajukuu wake wawili. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo: “Mwalimu, kama ungeniambia ningekupa kijana. Mtoto wa shemeji yangu yuko hapo jirani, ningemwita azungushe mashine. Sikunyimwa mtu, nilinyimwa habari.”

Kijana naye aliumia. Mtaani aliitwa mtoro, na msimu ule hakuna aliyempa tena kibarua. Akaniambia, “Mwalimu, mpira nimeacha.” Nikaona kwamba kwa papara yangu nimemharibia mjane kahawa, na mtoto nimemharibia jina. Jumamosi tatu zilizofuata tulipanda pamoja, mimi na yeye, tukachuma kahawa ya bibi yule bila malipo. Jumamosi ya tatu akatupikia mtori, akamwambia kijana arudi uwanjani. Akarudi.

Basi, katika hayo nimejifunza kwamba dhambi yetu haikuwa kushika mambo mawili. Dhambi yetu ilikuwa kuondoka bila kumwachia mtu kondoo. Kwa hiyo nina neno kwa kila mmoja.

Kwenu vijana, wanangu na wajukuu zangu. Kibarua cha likizo si aibu, wala kwaya, skauti, midahalo na mpira si upuuzi. Daudi alipoulizwa atawezaje kupigana, alitaja simba na dubu aliowaua akiwa machungani. Ujasiri wake aliupata kazini, na kinubi chake ndicho kilichomfikisha nyumbani kwa mfalme. Vyote viwili Mungu alivitumia. Lakini likizo inapoanza, keti na kalamu, uandike siku zako: siku za kibarua, siku za mazoezi, saa za kusoma, na Siku ya Bwana. Ukiona mambo mawili yamegongana, nenda mapema kwa wote wawili, uwaambie kweli. Usimwambie tajiri wako kwamba unaumwa, na huku unakwenda uwanjani. Ukimpata mwenzako wa kukushikia zamu, mpeleke aonekane na aonyeshwe kazi. Na pasipopatikana mlinzi, baki na kondoo, hata kama moyo uko uwanjani. Ukiisha kukubali, kukubali kwako kuwe kweli, kama Bwana wetu alivyotufundisha mlimani.

Kwenu walimu wenzangu, wa shule na wa kwaya. Tunapomwita mtoto, tuulize kwanza anatoka wapi. Ratiba ya mazoezi itolewe kabla shule hazijafungwa, ili wazazi na waajiri waijue. Mtoto anayechelewa huenda si mvivu. Huenda ametoka kumkatia ng’ombe majani, au kuuza ndizi ili apate nauli ya kuja kwetu. Tusimtoe kikosini kabla hatujamsikiliza.

Kwenu wazazi. Sisi tulisoma siku za Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, tukalima mashamba ya shule, nasi twajua kwamba jembe halimpunguzii mtu akili. Lakini tusigeuze likizo yote kuwa jembe. Tena, tuwaangalie binti zetu. Mvulana akifanya kazi mjini twaiita kazi, naye hulipwa. Msichana akichota maji, akipika, akiwaogesha wadogo zake tangu alfajiri hata usiku, twaiita kusaidia, na hatuihesabu. Kisha twashangaa kwa nini hana muda wa kwaya wala wa kitabu. Kondoo za nyumbani ni za watoto wote. Mwacheni kaka yake naye ashike ufagio, ili dada naye aende kwenye kinubi chake.

Na kwenu mnaowapa watoto kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Naye aliyefikia umri huo aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuia shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekataza kumtumikisha usiku. Upagazi wa mlimani ni wa watu wazima. Kijana asidanganye umri wake ili apande na mizigo ya wageni, na mtu mzima asijifanye haoni. Na mshahara wa mtoto ulipwe kamili, siku ile mliyopatana. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, ameonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana.

Likizo ya juzi alinijia msichana mmoja wa darasa la kipaimara. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa fundi mmoja mjini na kulipwa kidogo kwa kutia vifungo, tena ni mchezaji wa netiboli. Akaniamkia, kisha akatoa karatasi. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: Jumatatu hata Alhamisi kwa fundi, Ijumaa mazoezi, Jumamosi kusaidia nyumbani na kujisomea. Chini ameandika jina la mwenzake atakayekaa dukani siku ya mechi, na fundi ametia sahihi. Akaniuliza, “Mwalimu, nimesahau nini?” Niliisoma karatasi ile kwa muda mrefu, maana nilikuwa nikimkumbuka bibi yule na magunia yake mawili. Nikamjibu, “Mwanangu, hukusahau kitu. Kondoo wana mlinzi. Nenda kacheze.”

Wapendwa, sisi sote, wakubwa kwa wadogo, twaitwa huku na huku, na saa za siku hazitoshi. Yuko Mmoja tu ambaye kundi lake halikosi mlinzi hata usiku mmoja, naye ndiye Mchungaji Mwema. Sisi wengine twapaswa kukabidhiana.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwita Daudi kutoka mazizini, uwaangalie vijana wetu katika likizo hii. Uwape nguvu za kufanya kazi, furaha ya kucheza, na bidii ya kusoma. Uwajalie ukweli katika maneno yao. Nasi tunaowaita, utupe macho ya kuona walichokiacha nyuma ili waje kwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.