Amri ya Nne na Mtoto Aliyeteswa



Sala ya Bwana mnayofundishwa huanza kwa kumwita Mungu Baba. Kwa wengi neno hilo ni tamu. Lakini wako miongoni mwenu wanaolitamka kwa shida, kwa sababu nyumbani kwao baba alikuwa fimbo, matusi na njaa. Ama mama ndiye aliyekuwa hivyo. Hao wasikiapo katekista akifundisha amri ya nne, ile ya kuwaheshimu wazazi, hujiuliza kwa siri: Je, amri hii yanidai nini mimi? Swali hilo ni halali, tena lastahili jibu.

Kwanza tuutaje uovu wenyewe. Wazee husema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli; lakini kukunja si kuvunja. Kumrudi mtoto ni kumwonyesha njia. Kumpiga kwa hasira, kumchoma moto, kumnyima chakula, kumwita mchawi, hayo si malezi. Huko Lubumbashi jambo hili limeonekana wazi. Kampuni ya shaba, Gécamines, ilipodhoofika, wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara, na tangu mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini. Ufukara ukaingia nyumbani, na katika nyumba nyingine lawama zikatafuta mabega madogo: mtoto ndiye mchawi, ndiye aliyeleta msiba! Watoto wa namna hiyo wamelala barabarani. Mapadri Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, wamewafungulia mlango katika nyumba iitwayo Bakanja. Nayo Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtesa mtoto na kumsingizia uchawi. Ufukara waweza kueleza hasira ya mzazi. Hauwezi kuigeuza dhuluma kuwa haki.

Pili, jeraha hilo haliishi upesi. Mwaka 1998 waganga wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitangaza habari za watu zaidi ya 9,000 walioulizwa juu ya utoto wao. Wale waliopatwa na mateso ya namna nyingi walionekana, hata katika utu uzima, kuandamwa zaidi na ulevi, huzuni kubwa, tamaa ya kujiua, na hata ugonjwa wa moyo. Basi mtu mzima anayeshtuka asikiapo sauti kubwa, au asiyeweza kumwamini mtu, asidhani kwamba amelaaniwa. Zamani mafundi wa Katanga walimimina shaba katika kalibu wakafanya misalaba iliyotumika kama fedha. Shaba hupokea umbo la kalibu, lakini haikujichagulia kalibu hiyo. Tena yaweza kuyeyushwa na kufanyizwa upya. Jeraha si dhambi. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hauchukui uovu wa babaye.

Tatu, twauliza: Kuheshimu ni nini? Ni kutolipiza kisasi, kutomtukana mzazi, kumwombea, na kumsaidia kadiri uwezavyo akiwa mgonjwa au mzee. Lakini kuheshimu si kusema uongo. Amri haimwagizi mtoto kuficha maovu, wala kukaa chini ya mkono unaomvunja, wala kuwaachia wadogo zake mateso yaleyale. Mtume Paulo, baada ya kuwakumbusha watoto utii, aliwaonya baba wasiwachokoze watoto wao. Wajibu ni wa pande zote mbili. Mtakatifu Yohane Bosco alipokuwa mtoto, kaka yake Antonio alimwandama kwa ukali, na Margareta, mama yake Yohane, ndiye aliyemtuma mdogo aende kutafuta kazi katika shamba la watu wengine. Kuondoka kwake hakukuwa uasi, kulikuwa ulinzi.

Nne, je, kusamehe ni kusema kwamba hakuna kilichotokea? Hapana. Mwenye heri Isidori Bakanja, ambaye nyumba ile ya Lubumbashi yachukua jina lake, alipigwa vibaya mno na mkubwa wa shamba mwaka 1909, akafa kwa vidonda vile. Alimsamehe aliyempiga. Hata hivyo alimweleza mkaguzi wa kampuni ni nani aliyemtenda hivyo. Msamaha wake na ukweli wake vilikaa pamoja. Basi waweza kumsamehe mzazi, na bado ukakataa kumwachia mtoto wako mikononi mwake.

Tena usimpime Mungu kwa kipimo cha baba yako. Mpime baba yako kwa kipimo cha Mungu, nawe utaona kwamba fimbo ile haikutoka mbinguni.

Nanyi mlio wazazi, au mtakaokuwa wazazi, angalieni. Aliyeteswa huenda akatesa, naye asidhani kwamba hana njia nyingine. Hasira ikipanda, weka fimbo chini, toka nje, ngojea moyo utulie. Ukimkosea mtoto, mwombe radhi. Heshima yako haitapungua. Na ikiwa mzigo wa zamani wakulemea, usiubebe peke yako: mwendee mtu mwaminifu, awe katekista, padri, mwuguzi au jirani mwenye busara, umweleze yote. Na mtoto wa jirani akilia usiku baada ya usiku, msiseme kwamba mambo ya nyumba ya mtu si yenu. Nendeni mkabishe hodi.