Kumwajiri Mtu wa Kumtunza Mzazi: Ni Wema au Ni Kukimbia Wajibu?



Limezuka suala miongoni mwa watu wetu, na wengi hulijibu kwa hamaki kabla ya kulifikiri. Nalo ni hili: mtu ambaye mzazi wake amekuwa mkongwe, hawezi tena kujiogesha wala kujipikia, je, yafaa amwajiri mtu baki aje nyumbani kumtunza, au kufanya hivyo ni kuukimbia wajibu wake? Wako wasemao kuwa ni aibu, kwamba mama hatiwi mikononi mwa mtu wa mshahara. Na wako waonao kuwa fedha ikishatolewa wajibu umekwisha. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea, na chanzo cha makosa yao ni kimoja: hawakupambanua ni lipi katika wajibu huu liwezalo kufanywa na mwingine, na ni lipi lisilowezekana.

Kazi ya mikono yaweza kupokezwa. Kuchota maji, kupika uji, kukesha, kumgeuza mgonjwa asiyeinuka kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani, haya yataka nguvu na ujuzi. Mwenye ujuzi huenda akayafanya vyema kuliko mwana mwenye mapenzi tele lakini asiyejua hata kumnyanyua mtu bila ya kumuumiza. Wala mama hapungukiwi na heshima kwa kusaidiwa na ajuaye.

Lakini Kurani, katika Surat Israa, aya ya 23 na ya 24, itajapo uzee wa wazazi haitaji uji wala maji. Yataja ulimi na moyo: mwana akatazwa hata mguno wa kuchoka nao, akaamrishwa aseme nao kwa heshima, awanyenyekee na kuwaombea dua. Haya hayana mshahara. Hapana awezaye kulipwa ili awe mwana badala yako.

Sasa tuwatazame hao wasemao aibu. Ukiwauliza ni nani hasa amwogeshaye bibi kizee na kuamka naye usiku, husikii jina la msemaji. Wasikia ni binti asiyeolewa, au ni mke wa mwana. Na fiqhi ya Imamu Shafi, tuifuatayo wengi wetu wa pwani, haimlazimishi mke kuwatumikia wazazi wa mumewe. Akifanya, ni ihsani yake. Na ihsani hushukuriwa, haidaiwi. Basi mume akataaye kuajiri msaidizi, hali uwezo anao, kwa kuogopa maneno ya watu, heshima yake yalipwa kwa mgongo wa mtu mwingine. Huo si wema kwa mama. Ni dhuluma kwa mke iliyovikwa kanzu ya wema.

Amma hao wasemao kuwa fedha yatosha, natuwapeleke Nairobi, mtaa wa Laini Saba, Kibera. Mahali hapo si pageni kwa Waislamu, kwani waliopafungua Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 ni askari Wanubi, ndugu zetu wa dini, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Leo Laini Saba ni mtaa wa watu wa kila kabila na kila dini, wengi wao wakiishi familia nzima katika chumba kimoja. Kila asubuhi wanawake hutoka huko kwa miguu kwenda mitaa ya wenye nafasi, kufua, kupika, na kulea watoto na wazee wa watu. Na miongoni mwao wamo wenye mama zao waliobaki chumbani, choo kiko nje na cha kushirikiana, na wa kumshika mkono ni jirani au mjukuu aliyekosa kwenda skuli. Wala jambo hili si la Nairobi peke yake. Ni mabinti wangapi wa Mombasa walioko Saudia wakiwatunza wazee wa wengine?

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe. Haitoshi kuuliza, je, mama yangu anatunzwa? Yapasa kuuliza pia, je, raha ya mama yangu imenunuliwa kwa upweke wa mama wa mwenzangu? Jawabu si kuacha kuajiri, kwani mshahara huo ndio umlishao yule mama wa Laini Saba. Jawabu ni uadilifu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, wasibebeshwe wasiyoyaweza, na wakibebeshwa wasaidiwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Umpe msaidizi siku yake na saa yake ya kurudi, ili naye apate kuwa mwana kwa mama yake.

Wala asiseme mtu kuwa serikali itatosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na dola, jamaa hawakuondolewa. Na mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulitoa shilingi 2,000 kwa mwezi: haifiki shilingi 70 kwa siku.

Basi atakaye kuchagua msaidizi, na aanze kwa kumuuliza mzazi mwenyewe, maana uzee haumwondolei mtu rai yake. Kwa kuogesha na mambo ya sitara, mama atafutiwe mwanamke, na baba mwanamume. Kazi zitajwe wazi, asije mtu aliyeajiriwa kwa mzee mmoja akafulishwa nguo za nyumba nzima. Mahali pa chumba kimoja, ambapo msaidizi hana pa kulala, jirani aweza kuja kwa saa maalumu. Naye alipwe, asitumwe kwa "ahsante" tu. Ndugu wagawane gharama na zamu pia, wala aletaye fedha kutoka mbali asijione amemshinda akaaye karibu. Na kila mmoja awe na wakati wake wa kuketi na mzazi bila ya haraka.

Wako watu ambao, mzazi akiwa hai, husema hawana fedha ya msaidizi. Akifa, hupatikana ya ng'ombe na mchele wa hitima. Fedha hiyo ilikuwapo. Lau ingalitolewa mapema, mwenyewe angalikuwapo kuiona.